Siku nzima Duxford na watoto wawili na bibi yao: tuanzie wapi?

Mama Nuru

Wakuu, salaam. Mwezi wa nane familia yetu itakwenda makumbusho ya ndege za vita ya Duxford, kule Cambridgeshire, Uingereza. Tunatokea London asubuhi na kurudi jioni ileile. Tupo watano: mimi na mume wangu, kijana wa miaka 10 anayezijua ndege kwa majina, mdogo wake wa miaka 6, na mama mkwe wangu mwenye miaka 71. Goti linamsumbua mama, anatembea kwa fimbo.

Naomba msaada kwa haya. Tuanzie wapi na tumalizie wapi? Ramani ina mabanda makubwa saba na kila moja linaonekana la lazima. Mdogo anaogopa kelele za ghafla. Injini hizi za zamani zina kelele kiasi gani na tujiandae vipi? Huyu wa miaka 10 haridhiki na bango lenye jina na mwaka, anataka kujua kwa nini kitu kimeundwa hivyo. Tumwonyeshe nini hasa? Na mdogo tumweleze nini kuhusu vita, bila kumtisha na bila kumfanya aone ni mchezo?

Tena, treni au gari, ipi ina unafuu kwa mzee? Natanguliza shukrani.

Kipanga

Karibu, Mama Nuru. Nianze na njia, maana hapo ndipo siku nyingi za familia zinapoharibikia.

Duxford ni uwanja wa ndege kamili ambao hadi leo ndege zinaruka na kutua. Mabanda yamepangwa kwa mstari upande wa kaskazini wa njia ya kurukia. Lango la wageni liko mashariki, jumba la vifaru na magari ya vita liko mwisho kabisa wa magharibi, na kati yake ni zaidi ya kilomita moja. Mlango mkubwa wa kwanza mtakaoukuta ni wa AirSpace. Ndani mna Concorde (ndege ya abiria yenye kasi kuliko sauti), Lancaster (ndege ya mabomu ya Waingereza), Vulcan, Sunderland na nyingine nyingi, kwa hiyo watu huingia humo na kuzama. Wakija kutoka, saa saba imepita, watoto wana njaa, na American Air Museum, banda la ndege za Kimarekani, bado iko mbali kule mbele. Wanaifikia wamechoka, wanapiga picha mbili, wanageuza. Ni hasara kubwa, kwa sababu kwangu hilo ndilo banda bora la uwanja mzima.

Nyinyi anzeni mwisho. Lango hufunguliwa saa 4 asubuhi, muwe mmefika. Piteni AirSpace bila kuingia (mwahidini kijana mapema kwamba Concorde mtairudia, msije mkabishana mlangoni) na mwende moja kwa moja American Air Museum. Kwa mwendo wa mama tengeni nusu saa ya njiani pamoja na kupumzika. Kaeni humo saa moja na robo hivi. Baada ya hapo mnarudi mashariki banda kwa banda: la 5 wanakokarabati ndege, la 4 la Vita vya Uingereza vya 1940 (mapigano ya angani na Wajerumani) pamoja na chumba cha kuongozea mapigano, chakula, la 2 la ndege zinazoruka, na mwisho AirSpace. Mpango huu una faida moja kubwa: kila hatua inawasogeza karibu na lango. Mama au mtoto akichoka saa tisa, mnakata hapohapo na kutoka, badala ya kukwama kwenye ncha ya mbali huku kilomita nzima ikiwasubiri.

Jumba la vifaru liacheni, labda kijana awe anapenda vifaru kuliko ndege. Banda la 3 piteni tu. Ndiyo, mtaacha vitu vizuri, lakini mabanda saba na mtoto wa miaka 6 kwa siku moja ni mazoezi ya kutembea tu.

Mama achukuliwe kiti cha magurudumu hata kama atasema hakihitaji. Pigeni simu makumbusho siku kadhaa kabla, mwulize kama mnaweza kuwekewa kimoja. Msisubiri kuomba siku yenyewe, maana likizo ya Agosti vinakwisha. Ardhi ni tambarare, lami na zege, magurudumu yanateleza vizuri. Atakapotaka kutembea, kiti kitabeba mabegi na majaketi. Msitegemee usafiri wa ndani ya uwanja. Ukiwepo siku hiyo, chukueni kama bahati. Concorde ndiyo itakayomshinda: mnapanda ngazi, na ndani ni nyembamba kuliko wengi wanavyodhani, upana wa chumba ni kama mita 2.6 tu. Hii ya Duxford, G-AXDN, ilikuwa ndege ya majaribio, kwa hiyo humo mna makabati ya vipimo na nyaya, viti vya abiria wa kifahari msivitarajie. Mtu mzima mmoja aingie na watoto, mwingine abaki na mama chini ya Lancaster.

Usafiri: gari lina unafuu zaidi kwa mzee. Mnapanda barabara ya M11 hadi makutano namba 10, mnashika A505, na uwanja uko pale pale. Kwa treni mnatoka London Liverpool Street hadi Whittlesford Parkway, zaidi kidogo ya saa moja, kisha mnabakiwa na kipande cha kilomita kama tatu. Hicho ndicho kinachokwamisha watu. Kituo ni kidogo, msitegemee kukuta teksi imewasubiri, na A505 ina magari ya kasi, haifai kutembea na mtoto na mzee. Mkichagua treni, wekeni oda ya teksi siku moja kabla, ya kwenda na ya kurudi. Ya kurudi ndiyo inayosahaulika.

Mtoto wa chini ya miaka 5 halipiwi; wenu wote wawili watalipiwa. Kateni tiketi mtandaoni.

Injini_V12

Kipanga kamaliza njia, mimi nichukue swali la kijana. Mama Nuru, mtoto wa aina hiyo usimpeleke kuona ndege. Mpeleke kutafuta vitu kwenye ndege. Mpe daftari na haya yafuatayo.

Banda la 4 kwanza, mbele ya mabawa ya Spitfire au Hurricane ya 1940, ndege za kivita za Waingereza. Atafute viraka vyekundu kwenye ukingo wa mbele wa bawa. Ni vitambaa vilivyobandikwa kwenye matundu ya bunduki ili vumbi na unyevu visiingie vikaganda barafu huko juu. Risasi ya kwanza ilitoboa kitambaa. Kwa hiyo fundi aliyesimama chini aliijua ndege iliyotoka vitani kabla rubani hajafungua mdomo: vitambaa vimechanika na upepo unapiga mluzi kwenye matundu. Spitfire ya mwanzo ilikuwa na bunduki nane, kila moja risasi 300. Mwambie ahesabu mwenyewe: bunduki moja ilitoa takriban risasi 1,150 kwa dakika, basi rubani alikuwa na sekunde ngapi? Atapata kama 15. Hizo ndizo sekunde zote za safari nzima, na hesabu hiyo itamkaa kichwani kuliko bango lolote.

Halafu alinganishe miguu. Ya Hurricane hujikunja kuelekea ndani, magurudumu yake yamesimama mbalimbali, na inatua kwa utulivu kwenye majani. Ya Spitfire na ya Messerschmitt Bf 109 hujikunja kwenda nje, hivyo magurudumu yanakuwa karibu karibu na ndege inayumba. Wajerumani walikuwa na sababu: miguu ya Bf 109 imefungwa kwenye kiwiliwili, kwa hiyo unaweza kung'oa mabawa kwa matengenezo au kuisafirisha huku imesimama kwa miguu yake. Gharama yake ni ajali nyingi za kuruka na kutua. Bf 109E ya Duxford yenyewe ilitua kwa tumbo Sussex tarehe 30 Septemba 1940.

Hapo pia agonge kwa macho (kwa mkono hapana!) ngozi ya Hurricane sehemu ya nyuma. Ni kitambaa kilichovutwa juu ya mbao na mabomba ya chuma. Kombora dogo la mzinga lingeweza kupenya upande mmoja na kutokea wa pili bila kulipuka, na tundu lake lilizibwa kwa kiraka na gundi. Spitfire ni alumini inayobeba nguvu kwa ngozi yake. Ni nyepesi na ina kasi, ila ikitoboka inahitaji fundi wa mabati na muda.

Kisha fundisho la chupa. Mchukue chupa ya maji iliyojaa nusu, aishike wima, kisha aishushe ghafla kwa nguvu. Maji yanaruka kugonga kifuniko. Ndivyo ilivyokuwa kwa petroli ndani ya kabureta ya injini ya Merlin pale rubani wa Spitfire aliposukuma usukani mbele apige mbizi: petroli ilirukia juu, injini ikaikosa, kisha ikafurika ikatoa moshi mweusi na kukohoa. Bf 109 ilikuwa na pampu inayosukuma petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo Mjerumani akifukuzwa alipiga mbizi na kuondoka zake. Mwaka 1941 mhandisi Beatrice Shilling wa Farnborough alipata tiba ya muda: kijisahani cha chuma chenye tundu lililopimwa, kinachozuia petroli isizidi kiasi ambacho injini inakihitaji ikiwa na nguvu zote. Kiliwekwa bila kuishusha injini. Mwanamke mmoja na kijisahani chenye tundu, na marubani wakapona.

Chumba cha kuongozea mapigano msikipite. Kijana atazame saa ya ukutani: uso wake umegawanywa pembetatu za dakika tano tano, nyekundu, njano na buluu kwa zamu. Taarifa ya rada au ya walinzi wa pwani ikiingia, msichana aliye mezani aliweka mshale wenye rangi ileile ambayo mkono wa dakika ulikuwa juu yake. Ofisa aliyekaa juu hakuhitaji kuuliza chochote. Rangi ya sasa ni taarifa ya sasa, rangi iliyotangulia imeanza kuchacha, na ile ya nyuma yake inaondolewa. Watu husifu Spitfire, na mimi naipenda sana, lakini meza hii ndiyo iliyofanya ndege chache zitoshe, kwa sababu zilipaa wakati adui yupo na mahali alipo. Mpe kijana kalamu tatu za rangi, mtaucheza mchezo huu nyumbani.

Banda la 2 lina swali moja tu la kumuuliza: ipi inaruka na ipi imestaafu? Aangalie sakafuni. Chini ya ndege zenye injini ya nyota, ambazo silinda zake zimezunguka kama vidole vya gurudumu, mara nyingi kuna trei ya oili. Oili hujichuruza hadi silinda za chini hata ndege ikiwa imelala. Ikijaa humo na injini ikawashwa, pistoni inagonga oili isiyoshindilika na kupinda fimbo yake. Ndiyo maana utaona mafundi wakizungusha propela kwa mkono kabla ya kuwasha, wakihesabu majani yake yanayopita. Wakikuta imegoma, hawalazimishi, wanafungua plagi za chini oili itoke. Trei yenye oili mpya ina maana injini iko hai.

Na kama mtakuta Spitfire yenye herufi QV ubavuni, N3200, simameni. Ilikuwa ya kikosi cha Duxford, na tarehe 26 Mei 1940 iliruka kutoka Hornchurch, karibu na London, kwenda kulinda wanajeshi waliokuwa wakihamishwa Dunkirk, Ufaransa, ikapigwa, ikatua kwa tumbo ufukweni Sangatte karibu na Calais. Rubani alikamatwa na mchanga ukaimeza ndege. Ilifukuliwa miaka ya 1980 na kuruka tena 2014, na makao yake ni Duxford, uwanja wa kikosi chake.

Bi Salama

Mama Nuru mwanangu, niseme tofauti kidogo na wenzangu kisha nikujibu la mdogo.

Kwa familia yenye mzee wa goti na mtoto wa miaka 6, fikirieni pia makumbusho ya jeshi la anga pale Hendon, kaskazini mwa London. Kuingia ni bure, unafika kwa treni ya chini ya ardhi hadi Colindale kwa mstari wa Northern kisha kutembea kidogo, na majengo hayakutawanyika kama Duxford. Lancaster yao, R5868, ilikwenda vitani mara 137, na kila safari imechorwa bomu dogo ubavuni. Watoto wanapenda kuyahesabu. Uzuri wa bure ni kwamba mkichoka baada ya saa mbili mnaondoka bila kinyongo. Pale Duxford mmelipia watu watano, na pesa iliyolipwa ndiyo inayowafanya wazazi wawaburute watoto hadi jioni. Mkishaamua Duxford, basi fuateni njia ya Kipanga, ni sahihi.

Kelele. Ndani ya mabanda kwa kawaida ni kimya, tatizo ni nje. Hata siku ya kawaida ya kiangazi, hali ya hewa ikiruhusu, kuna kampuni zinazorusha abiria kwa Spitfire ya viti viwili na kwa ndege za zamani kama Dragon Rapide. Merlin inapowaka hutema moshi na kulipuka mara kadhaa kabla ya kutulia, na mlipuko huo wa kwanza ndio unaowatisha watoto. Mngurumo wenyewe wanauzoea. Mnunulie vizuia kelele vya kufunika masikio yote, siyo vile vya kuchomeka ndani, maana mtoto huvichomoa. Avae nyumbani kwanza, siku tatu nne, wakati wa kutumia blenda au mashine ya kufyonza vumbi, ili siku ya safari kiwe kitu chake. Angalia kikombe kinabana ngozi pande zote: nywele nene zilizosukwa juu ya sikio, au mkono wa miwani, huacha upenyo na kelele inapita. Msuke nywele za kulala. Na mwambie kabla: "ile propela ikianza kuzunguka polepole, tunavaa." Mtoto akijua dalili, hofu hupungua nusu.

Sasa la vita. Usianze na nani alishinda. Njiani kabla ya mlango wa American Air Museum kuna mabamba ya kioo yamesimama kwa mstari, 52 kwa jumla, yamechongwa ndege ndogo ndogo nyeupe. Kila mchoro ni ndege moja ya Kimarekani iliyoruka kutoka Uingereza na haikurudi. Ziko 7,031. Mdogo achague bamba moja atazame karibu. Akiona yenye injini nne, mwambie: humu mlikuwa na watu kama kumi. Akiona yenye injini moja: humu mtu mmoja. Basi, usiongeze. Mtoto wa miaka 6 anaelewa "hakurudi nyumbani", na maswali yatakuja yenyewe mkiwa ndani. Huyu mkubwa mwambie zaidi: kikosi cha mabomu cha Uingereza pekee kilipoteza watu 55,573, wengi wao vijana wa miaka ishirini na kitu, na mabomu yao yaliua raia wengi mijini. Yote mawili aambiwe kwa pamoja. Ukimpa la kwanza tu anaona mashujaa, ukimpa la pili tu anaona wauaji, na chini ya Lancaster walisimama watu.

Akiuliza kama Waafrika walikuwemo, jibu ni ndiyo. Johnny Smythe wa Sierra Leone alikuwa mwongoza njia kwenye ndege ya mabomu, akaangushwa Ujerumani Novemba 1943, akafungwa kambini hadi vita vilipokwisha. Baadaye akawa mwanasheria mkuu wa nchi yake. Mwonyeshe kiti cha mwongoza njia kwenye picha ya mkato wa Lancaster: meza ndogo, ramani, taa hafifu, pazia limefungwa ili mwanga usionekane nje.

Na ile alama ya msalaba uliopinda, swastika ya Wanazi, kwenye mikia ya ndege za Ujerumani: mtaulizwa swali. Jibu liwe tayari kabla ya safari, sentensi moja au mbili za ukweli. Mzazi akibabaika, mtoto anaikumbuka alama kuliko maana yake.

Mama Nuru

Asanteni sana, Bi Salama shikamoo. Tumebaki na Duxford kwa sababu ya kijana, na njia ni ya Kipanga. Mawili yamebaki: twende siku ya maonyesho ya kuruka au siku ya kawaida? Na mume wangu anabeba kamera. Amesikia picha za pale hutoka nyeusi.

Kipanga

Siku ya kawaida, bila kusita. Siku ya maonyesho makutano namba 10 na A505 husongamana magari mapema, mnasimama majanini saa nyingi bila kivuli, foleni ya choo ni ndefu, na mabanda hamyafaidi kwa sababu kila mtu anatazama juu. Ndege zenye uhai pia hutolewa nje, banda la 2 linabaki na mapengo. Kwa mtoto anayeogopa kelele na mzee wa fimbo ni mzigo. Watoto wakikua, Septemba moja nendeni kwenye maonyesho makubwa.

Siku ya kawaida chagueni Jumanne hadi Alhamisi, na mkisikia Spitfire inawashwa achaneni na chochote mnachotazama, nendeni uzioni. Haisubiri. Kipoza joto chake kiko chini ya bawa, nje ya upepo wa propela, na mguu ulioshuka unakikinga, kwa hiyo injini hupata joto haraka ikiwa chini na rubani anataka kupaa ndani ya dakika chache. Mdogo atafurahi kuiona inavyokwenda zigizaga kama nyoka. Mwambie sababu: pua imeinuka, rubani haoni mbele hata kidogo, anachungulia upande huu na upande ule.

Kama mvua itanyesha, hakuna kitakachoharibika isipokuwa kuruka. Ila katikati ya mabanda kuna upepo mkali, mwavuli utageuka. Chukueni majaketi yenye kofia.

Msiende kwa ajili ya ndege moja tu. Ndege ya mabomu ya B-17 iitwayo Sally B, kwa mfano, makao yake ni Duxford lakini inaendeshwa na watu binafsi na husafiri kwa maonyesho. B-17 ya ndani ya American Air Museum iko palepale siku zote.

MwangaNaPicha

Kwa baba watoto. Picha hutoka nyeusi kwa sababu mbili tofauti, na tiba zake hazifanani.

Nje: mabanda yako kaskazini mwa njia ya kurukia, kwa hiyo mtazamaji anaangalia kusini, juani. Adhuhuri ndege inakuwa kivuli mbele ya anga jeupe. Aongeze mwanga kwenye kamera kwa hatua moja hadi moja na nusu, akubali anga kuwa jeupe. Jua likishuka magharibi alasiri, mwanga unaanza kupiga ubavu wa ndege, na hapo ndipo picha nzuri zinapopatikana. Kasi ya shata isizidi 1/250 ya sekunde kwa ndege zenye propela. Propela huzunguka takriban nusu ya kasi ya injini. Ukipiga kwa 1/1000 majani yanaganda na ndege inaonekana imezimika angani. Ikiwa inatembea ardhini ashuke hadi 1/125. Atapoteza picha nyingi kwa kutikisika, ni kawaida, apige mfululizo huku akiifuata kwa mwili mzima kuanzia kiunoni.

Ndani: mwanga ni hafifu na ndege zimebanana. Flashi aizime, inamulika mita chache za kwanza na kuacha nyuma giza, na kwenye alumini iliyong'arishwa inarudisha doa jeupe. ISO 1600 hadi 3200, shata 1/60, lenzi pana ya milimita 16 hadi 24. American Air Museum ni tofauti kwa kuwa ukuta mzima wa mbele ni kioo: asubuhi na siku ya mawingu mwanga ni laini ajabu. Apige akiwa amekipa kioo mgongo.

Humo ndani msikimbilie kupiga. Kwanza simameni juu kabisa mnapoingilia, mama akiwa kwenye kiti chake. Paa ni ganda moja la zege bila nguzo hata moja katikati, kazi ya Norman Foster iliyofunguliwa 1997, na ukubwa wake ulipangwa kwa kufuata B-52, ndege kubwa ya mabomu ambayo mabawa yake ni mita 56. Ndege nyingine zote zimewekwa chini yake au zimening'inizwa kandokando. Kijana aitafute SR-71 nyeusi, ndege ya upelelezi, namba 17962: Julai 1976 ndege hiyohiyo iliweka rekodi ya kuruka mita 25,929 juu. Mdogo atafute milia mitatu myeupe na miwili myeusi kwenye mabawa ya Dakota, ndege ya usafirishaji. Ilipakwa haraka haraka Juni 1944, kabla ya kuvuka kwenda Ufaransa, ili wapiga mizinga wa upande wao wasiwatungue. Kwenye nyingi ilipakwa kwa brashi na usiku, kwa hiyo kwenye picha za wakati ule kingo zake hazijanyooka.

Betri ya akiba mbili, si moja. Simu ya kijana itaisha chaji kabla ya saa nane.